Shemeji kachelewa kurudi nyumbani dakika 40, kweli anarudishwa jela miaka minne?

#1 Mwana wa Pongwe
Wakuu salaam. Naomba wenye uelewa na sheria za Marekani wanisaidie, maana huku Tanga hatulali.

Shemeji yangu, mume wa dada, yuko Bronx, New York. Ni raia wa kule, nalitanguliza hilo maana najua mtauliza. Alifungwa miaka saba kwa unyang'anyi alioufanya ujanani, katoka mwaka jana, yuko nje kwa parole, yaani kaachiwa kwa masharti, na amebakiza miaka minne ya kuwa chini ya afisa. Sharti mojawapo ni kwamba ikifika saa tatu usiku awe ndani. Wiki iliyopita alitoka kazini, treni ikakwama kwenye handaki, akafika kwake saa tatu na dakika arobaini. Afisa alikuwa ameshapita, ameshagonga, ameshaandika.

Sasa kuna jamaa anajiita mshauri wa sheria kampigia dada. Anasema bila dola 5,000 za haraka mtu anarudi ndani kumalizia miaka yote minne. Hakuna hakimu, hakuna kesi, afisa akishaandika imeisha. Mama ameshaanza kuulizia mteja wa shamba. Ni kweli hii?

#2 Kipanga wa Ilala
Naweka kigoda hapa. Wajuzi waje.

#3 Lori la Texas
Mkuu, pole, ila jamaa hajadanganya sana. Mimi ni dereva wa malori, mwaka wa 14 niko Texas. Huku kuna kitu kinaitwa hati ya bluu, hati ya kumkamata mtu wa parole. Ikishatoka, ukisimamishwa barabarani hata kwa taa mbovu ya nyuma, polisi anaingiza jina lako kwenye mashine, unalala ndani. Na usitegemee dhamana, wengi wanasubiri mahabusu mpaka shauri lisikilizwe.

Nilikuwa na mwenzangu wa kupakia mizigo, mtu mzima wa miaka hamsini. Alipigwa miaka kumi, akatoka baada ya minne, akakaa nje miwili safi kabisa, analipa kodi, anapeleka mtoto mpira. Akavunja sharti. Waliporudisha hesabu, ile miwili ya nje haikuhesabiwa. Akarudi akidaiwa sita, kama vile hakuwahi kutoka. Siku ya mwisho aliacha chakula chake cha mchana ndani ya friji ya bohari, wali na maharage, kikakaa pale mpaka kikaota ukungu, hakuna aliyetaka kukitupa.

#4 Chauchau
Swali la msingi: shemeji ana hakika ilikuwa saa tatu? Isije ikawa karatasi imeandikwa 9 naye akaisoma Kiswahili, akajua ana mpaka saa tisa usiku 😂

#5 Mwana wa Pongwe
Chauchau acha masihara, watu tuna msiba nusu hapa. Miaka ishirini yuko kule, anajua saa zao.

#6 Nusu Wakili
Nimesoma sheria huku New York, nafanya kazi ya kutayarisha mafaili ya utetezi, kwa hiyo jina langu lichukulieni kama lilivyo: nusu.

Mwana wa Pongwe, mwambie mama asiuze hata mnazi mmoja. Aliyeongea na dada yako anaongelea New York ya zamani, au Texas ya #3, au tumbo lake.

New York ilibadilisha sheria mwaka 2021. Gavana Hochul alisaini sheria inayoitwa Less Is More, na sehemu kubwa ilianza kutumika Machi 2022. Makosa yamegawanywa. Kosa jipya la jinai ni habari nyingine. Lakini kuvunja masharti tu, yaani jambo ambalo ungelifanya wewe na mimi lisingekuwa kosa, lina ngazi zake. Kuchelewa saa ya kurudi nyumbani kumetajwa kwa jina katika orodha ya mambo yasiyomrudisha mtu jela kabisa, sawa na kutomwambia afisa kwamba umebadilisha kazi, au kushindwa kulipa ada. Hata siku moja.

Makosa mengine ya masharti: mara ya kwanza na ya pili hakuna jela. Mara ya tatu mwisho siku 7, ya nne 15, ya tano na kuendelea 30. Siku, si miaka.

Na eti hakuna kesi? Lazima apewe karatasi ya mashtaka, kuna usikilizwaji wa awali, kisha wa mwisho mbele ya hakimu wa kiutawala, na wakili anawekewa kama hana uwezo. Ule wa mwisho, upande wa afisa lazima ulete ushahidi ulio wazi na wa kuridhisha. Zamani ilitosha mzani ulemee kidogo upande wao.

Marekebisho madogo tu: kwa kifungo cha miaka maalumu kama chake, jina rasmi si parole bali ni uangalizi baada ya kifungo. Mtaani wote wanaita parole na sheria hii inawahusu wote.

#7 Lori la Texas
#6 nakuheshimu, lakini umenifanya nionekane muongo. Sikudanganya.

#8 Nusu Wakili
Hukudanganya, mkuu. Sheria ya Texas ndiyo inasema hivyo hivyo, ila nusu yake umeiacha njiani. Kwa waliofungwa kwa makosa yasiyo kwenye orodha ya makosa mazito, wanalinganisha namba mbili siku hati inapotolewa: muda aliokaa nje, na muda uliobaki wa kifungo. Uliobaki ukiwa mkubwa, muda wa nje unapotea. Uliobaki ukiwa mdogo, unahesabiwa. Mwenzako alikaa nje miaka miwili akabakiza minne. Nne kubwa kuliko mbili, kapoteza. Angevuta mpaka mwaka wa nne akiwa nje, angebakiza miwili, na angerudi kudaiwa miwili tu. Amekatwa na hesabu, si na chuki ya mtu.

Pia Texas si lazima wafute parole. Jopo la watu watatu wa bodi, wawili wakikubaliana imepita, na wanaweza kumwacha aendelee, kumwongezea masharti, au kumpeleka kituo cha adhabu ya kati kwa miezi kadhaa kisha arudi nje.

#9 Lori la Texas
Sasa hapo umeniongezea uchungu. Kwa hiyo wale waliovunja sharti mapema ndio wanaoumia zaidi kuliko waliovunja wakiwa wamechoka nayo.

#10 Dogo Sinza
Mnakumbuka yule rapa Meek Mill? Yule alirudishwa jela kwa kunyanyua tairi la pikipiki. Hiyo ndiyo parole ya Marekani, msidanganyane na sheria za kwenye makaratasi.

#11 Nyundo Baridi
Dogo, ile haikuwa parole. Meek Mill alikuwa kwenye uangalizi wa mahakama, na mwaka 2017 ni jaji wa Philadelphia ndiye aliyempa miaka miwili mpaka minne. Uangalizi wa mahakama unapewa na jaji, mara nyingi badala ya jela, na jaji ndiye anayekuhukumu ukiuvunja. Parole unapewa ukiwa umeshakula sehemu ya kifungo, na kwa kawaida bodi ndiyo inayokurudisha. Na alitoka Aprili 2018, na 2019 hukumu yenyewe ikatenguliwa.

#12 Dogo Sinza
Sawa profesa. Ila pikipiki ilikuwepo.

#13 Nyundo Baridi
Ilikuwepo.

#14 Mtu wa Kawe
Mimi ninavyojua parole ilifutwa Marekani mwaka 1984. Hii mada nzima ni chai.

#15 Karani Mstaafu
Ya serikali ya shirikisho ndiyo iliyofutwa. Sheria ni ya 1984, ikaanza kuhusu makosa ya kuanzia tarehe 1 Novemba 1987. Majimbo yana sheria zao, na hapo ndipo penye soko la Kariakoo: mengine yana bodi kamili, mengine yameifuta wakaacha uangalizi wa lazima baada ya kifungo, mengine yana vyote viwili kutegemea ulifungwa mwaka gani.

#16 Mama Junior MN
Huku Minnesota ni hivyo, Mzee Karani. Mimi ni Mkenya, nimekaa hapa miaka mingi. Tangu ile miongozo ya 1980 mtu wa kawaida akipigwa kifungo anakaa ndani theluthi mbili, theluthi moja anamalizia nje chini ya afisa. Hakuna kwenda kuwalilia wazee wa bodi ati nimebadilika, labda kama ulipewa kifungo cha maisha. Lakini ukivunja masharti unaitwa vilevile na unaweza kurudishwa kula ile theluthi.

#17 Sikujua
Jamani binamu yangu alipewa parole uwanja wa ndege ya miaka miwili na hajawahi hata kuiba kuku. Ina maana ana rekodi ya jela?? Shangazi ataanguka.

#18 Karani Mstaafu
Hahaha, mtulize shangazi. Hiyo ni parole ya uhamiaji, ruhusa ya kuingia nchini kwa muda bila viza kamili. Neno moja, nyumba mbili tofauti. Binamu yako hana bodi wala afisa wa kumgongea mlango saa tatu usiku.

#19 Mutoto wa Bukavu
Jambo bandugu. Miye niko Columbus, Ohio. Kiswahili yangu ni ya Bukavu, musicheke.

Hapa parole ya zamani iko zaidi ya batu benye kufanya makosa mbele ya Julai 1996 kufika. Bale ba nyuma banapewa uangalizi ya nyuma ya gereza. Ukivunja sharti, banaweza kukurudisha ndani mpaka miezi kenda kwa kosa moja. Lakini ukijumlisha yote, haiwezi kupita nusu ya kifungo yako ya kwanza. Mutoto wa mama yangu mukubwa alifungwa miaka ine, kwa hiyo deni yake ya kurudishwa ilikuwa miaka mbili, basi. Alirudi mara mbili, kenda na kenda. Mara ya kwanza alihama nyumba bila kusema. Mara ya pili nayo, bandugu, alihama tena bila kusema. Mama yake alisema: huyu hata gereza akihama hatasema.

#20 Chauchau
"Hata gereza akihama hatasema" 😂😂 mama mkubwa apewe uzi wake.
Ila kenda? Mara ya mwisho nimesikia kenda kwa bibi yangu.

#21 Bi Mwanasha
Chauchau mwanangu, kenda ni Kiswahili tangu wewe hujazaliwa, njoo Mvita tukuhesabie. Tisa ndiyo mgeni, imekuja na jahazi.

Turudi kwenye mada. Mimi mwanangu wa kiume alikuwa kwenye parole California, kaunti siitaji. Kosa lake mkojo: walipima wakakuta bangi. Afisa hakumpeleka popote, akampa siku nane za jela ya kaunti hapo hapo, kisha nje. Wanaweza kumfungia mtu siku moja mpaka kumi namna hiyo, bila kufuta parole. Mwenzake aliyekataa kwenda kwenye masomo ya kuacha ulevi yeye akapelekwa mahakamani, akapigwa siku tisini. Nikauliza mwisho wake ni ngapi, nikaambiwa siku 180.

#22 Nyundo Baridi
Kweli Bi Mwanasha, na kule tangu Julai 2013 wanaosikiliza ni majaji wa mahakama kuu ya kaunti, sio bodi. Na wanakaa jela ya kaunti badala ya gereza la jimbo. Naongeza moja: siku 180 si za kila mtu. Waliotoka kwenye kifungo cha maisha kwa kuua, jaji akiona wamevunja masharti anawakabidhi gerezani, na bodi ndiyo itaamua lini watoke tena.

#23 Mtu wa Kawe
Sasa kama kila jimbo na lake, nani anazuia jimbo moja kusema afisa akiandika basi, kama yule mshauri wa dola 5,000 anavyosema?

#24 Nusu Wakili
Swali zuri kuliko yote ya leo. Anayezuia ni Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Morrissey dhidi ya Brewer, mwaka 1972, kutoka Iowa.

Morrissey alifungwa kwa hundi za uongo, akatoka kwa parole Juni 1968. Miezi saba baadaye amerudishwa. Makosa yake yalikuwa nini? Alinunua gari kwa jina la bandia na kuliendesha bila ruhusa, akagonga kidogo akawadanganya polisi kuhusu anwani na bima, akachukua mkopo kwa jina la bandia, na hakumwambia afisa anakoishi. Bodi ikamrudisha kwa ripoti ya afisa tu, bila kumsikiliza. Yaani hasa alivyoelezwa dada yake Mwana wa Pongwe. Mwaka 1972 wakasema hapana.

Tangu hapo, jimbo lolote lile lazima limpe mtu mashtaka kwa maandishi, limwonyeshe ushahidi, limsikilize ana kwa ana, limruhusu kuleta mashahidi na kuwahoji wa upande wa pili isipokuwa kuna sababu nzuri ya kukataa, na waamuzi wasiwe walewale waliomshtaki. Mwisho watoe sababu kwa maandishi. Na lazima kuwe na hatua mbili, ya haraka karibu na alipokamatwa, na ya mwisho. Kuhusu ya mwisho, mahakama ilisema miezi miwili haionekani kuwa mingi.

Hiyo ni sakafu. Majimbo yanajenga juu yake yanavyotaka. New York, kwa aliyekamatwa, awali ni ndani ya siku tano, na mwisho ndani ya siku thelathini baada ya hapo.

#25 Kipanga wa Ilala
Hii sakafu ina sehemu imebomoka mkuu? Maana kila sakafu ya sheria nimeiona ina shimo.

#26 Nyundo Baridi
Ipo. Kesi ya mwaka 1998, kutoka Pennsylvania: mtu mmoja wa parole alikuwa anaishi kwa mama yake. Maafisa wakapekua nyumba, wakakuta bunduki tano, upinde wa kuwindia na mishale mitatu. Mawakili wakasema upekuzi haukuwa halali. Kwenye kesi ya kawaida ushahidi wa hivyo unaweza kutupwa nje. Mahakama ya Juu ikasema kwenye shauri la kufuta parole sheria ya shirikisho hailazimishi kuutupa. Kwa hiyo jalada linaweza kuingia chafu na likatumika.

#27 Chauchau
Bunduki tano naelewa. Upinde na mishale mitatu alikuwa anajiandaa na Vita vya Majimaji?

#28 Lori la Texas
Mimi nataka mtu aniambie kitu kimoja. Kwa nini New York ni siku saba na kwangu ni miaka? Binadamu ni yule yule, treni ikikwama imekwama.

#29 Karani Mstaafu
Pesa, ndugu yangu. New York waliokuwa wanakamata watu wa parole ni maafisa wa jimbo, waliokuwa wanawalisha kwenye jela ya Rikers ni jiji. Anayeita teksi si anayelipa nauli. Siku jiji lilipopiga hesabu, kelele zikaanza. California hali kadhalika: Mei 2011 Mahakama ya Juu ilithibitisha amri ya kulitaka jimbo lipunguze wafungwa mpaka asilimia 137.5 ya nafasi zilizopo. Walipanga vitanda ngazi tatu kwenye kumbi za michezo. Wakaanza kutafuta nani hahitaji kuwa mle, wakawaona wa mkojo na wa kuchelewa. Hakuna huruma pale, ni magodoro.

#30 Bi Mwanasha
Sikubaliani kabisa na magodoro. Ni kina mama. Mimi nimekaa kwenye vile vikao vyao vya jioni, wanawake weusi na Walatino wamebeba picha za watoto wao, miaka na miaka. Magodoro hayajawahi kwenda bungeni.

#31 Nyundo Baridi
Mnasahau siasa za woga. Mwaka 1988 Willie Horton aliua akiwa kwenye parole Massachusetts, Bush akamtumia kumwangusha gavana wa kule, Dukakis, kwenye uchaguzi wa urais. Tangu hapo gavana yeyote akimwona mtu wa parole anaona tangazo la televisheni.

#32 Karani Mstaafu
Leo nakusahihisha mimi, Nyundo. Horton hakuwa kwenye parole. Alitoka kwa likizo ya wikiendi ya wafungwa mwaka 1986, hakurudi. Na mauaji yalikuwa ya zamani, ndiyo yaliyomfunga. Akiwa mtoro, Maryland mwaka 1987, alibaka na kumjeruhi mtu. Ila hoja yako ya woga haiondoki.

#33 Nyundo Baridi
Napokea. Moja moja.

#34 Mama Junior MN
Mimi naona ni maafisa wenyewe. Mmoja ana mafaili mengi kupita kiasi. Akimwachia mtu, akifanya kitu, jina la afisa ndilo litakalotajwa. Akimwandika, hakuna atakayemuuliza. Wewe ungefanya nini? Afisa wa jirani yangu alikuwa mama mpole, alikuwa anapiga simu nusu saa kabla: "uko njiani?" Yule aliyemfuata hakupiga. Sheria haikubadilika, kabadilika mtu.

#35 Mzee Jongoo
Yote mnayosema ni matawi. Mzizi ni Elmira, New York hiyo hiyo, gereza lililofunguliwa 1876. Pale ndipo Wamarekani walipoanza mtindo wa kifungo kisicho na mwisho maalumu, ukijirekebisha unatoka kwa masharti. Wazo lilikuwa kwamba ule uhuru si wako, umeazimwa. Kitu cha kuazima mwenyewe anakichukua akitaka. Morrissey ikaja ikasema hapana, hata cha kuazima hakinyang'anywi bila mazungumzo. Majimbo mengine bado moyoni yanaamini ni cha kuazima.

#36 Lori la Texas
Kwa hiyo ni pesa, ni kina mama, ni woga, ni afisa, ni kuazima. Asanteni, sasa sijui zaidi ya mwanzo.

#37 Kipanga wa Ilala
Na huku Bongo je, kuna parole au ni msamaha wa Rais tu, Aprili 26 na Desemba 9?

#38 Karani Mstaafu
Ipo, Kipanga. Sheria ya Bodi za Parole ni ya 1994, kuna bodi ya taifa na za mikoa. Ila ukiwauliza watu kumi Kariakoo, tisa watakujibu msamaha wa Rais, kama wewe.

#39 Mama Junior MN
Kenya mfungwa hupunguziwa theluthi kwa tabia njema, anatoka ameisha, hana mtu wa kumgongea mlango.

#40 Mwana wa Pongwe
Wakuu, nimerudi. Dada kanitumia picha ya ile karatasi. Kuna mashtaka MAWILI. La kwanza saa ya kurudi nyumbani, kama nilivyosema. La pili sikuambiwa, nimeona haya kuandika. Wanasema ametoroka uangalizi. Kumbe kwa wiki mbili alikuwa analala kwa rafiki yake Yonkers kwa sababu waligombana na dada. Afisa alipiga simu, simu imezimwa. Sasa nimechanganyikiwa.

#41 Chauchau
Uzi wa treni umegeuka uzi wa ndoa.

#42 Dogo Sinza
Nilijua kuna pikipiki mahali.

#43 Nusu Wakili
Basi hesabu inabadilika kidogo, usiogope. Kutoroka uangalizi hakumo kwenye ile orodha ya msamaha kamili. Likithibitika mara ya kwanza ni jela mpaka siku 7, ya pili 15, ya tatu na kuendelea 30. Na kwa hili hati ya kukamatwa inaweza kutoka. Ikitoka akakamatwa, lazima ndani ya saa 24 afikishwe mbele ya jaji atakayeamua angojee shauri nje au ndani.

Lakini soma tafsiri ya kutoroka. Sheria inataka mambo kwa pamoja: awe amekwepa kwa makusudi, amekata mawasiliano NA hakutoa taarifa ya kuhama, na afisa awe amefanya juhudi za maana za kumpata zikashindikana. Simu kuzimwa mara moja si juhudi. Je, aliripoti ofisini katika hizo wiki mbili? Hilo ndilo swali la kesi nzima.

#44 Mwana wa Pongwe
Dada anasema aliripoti Jumanne ya pili, akasaini daftari. Ana ujumbe aliomwandikia afisa, "simu yangu imeharibika, natumia hii ya rafiki". Haukujibiwa.

#45 Nusu Wakili
Huo ujumbe una thamani kuliko shamba la mama. Apige picha uonekane na tarehe na saa, ampe wakili aliyewekewa. Atafute na karatasi ya mshahara ya siku ile ya treni inayoonyesha ametoka kazini saa ngapi.

#46 Bi Mwanasha
Na asiende kwa afisa kujieleza peke yake kwa hasira. Mwanangu alikwenda kujieleza, akatoka amekiri na mengine ambayo hayakuwa yameandikwa.

#47 Lori la Texas
Kuna jambo jingine hamjamwambia. Akifikiria kukimbilia kwa ndugu jimbo lingine, asithubutu. Majimbo yote hamsini yana mkataba wao wa watu hawa. Kuhamishiwa jimbo lingine kunaombwa na kukubaliwa. Ukienda mwenyewe, unarudishwa kwa pingu na sasa kutoroka kumethibitika bila ubishi.

#48 Nusu Wakili
Umenena, mkuu. Na kwa faida ya Mwana wa Pongwe: sheria hiyo hiyo ya New York inampa siku 30 za punguzo kwa kila siku 30 anazokaa bila kosa. Ile minne ikienda vizuri inaweza kuwa miwili. Kwa hiyo wanachogombania kwenye shauri si zile siku saba tu, na punguzo lake liko hatarini.

#49 Mtu wa Kawe
Na yule mshauri wa dola 5,000?

#50 Mwana wa Pongwe
Dada kamuuliza namba yake ya uwakili. Amekata simu, hajapiga tena.

#51 Sikujua
Shangazi anasema ahsanteni wote. Bado hajaelewa parole ya uwanja wa ndege lakini ametulia.

#52 Mwana wa Pongwe
Mrejesho, wakuu. Usikilizwaji wa awali umefanyika jana. La treni hawakulisemea sana. La kutoroka, afisa hakuja na lile daftari la kusaini, wakili kaliomba liletwe, limeahirishwa. Hati ya kukamatwa haikutoka, kwa hiyo shemeji yuko nje. Wakili mmoja mzee aliyekuwa ukumbini kamwambia litaanguka, mwingine kamwambia ajiandae na siku saba. Sijui nimwamini nani.

Wamepatana na dada, karudi nyumbani. Tatizo jipya sasa: kwa hofu, saa kumi na mbili jioni ameshaingia ndani, viatu kavua, hana la kufanya. Anampigia mama Tanga kumsalimia kila siku. Huku ni saa saba ya usiku.

#53 Chauchau
Mama amepewa sharti la kupokea simu. Akizima, ametoroka uangalizi.